Wete hadi Ras Kigomasha kwa baskeli ya kukodi: njia naisifu, breki naishitaki

Nianze na breki. Goti langu la kushoto bado lina alama ya rangi ya udongo wa Pemba, na sioni haki kusifia msitu na mawimbi kabla sijasema kilichonitia alama hiyo.

Mimi ni mtu wa Kwahani, Unguja, umri unakimbilia hamsini, mchana nauza dawa. Baskeli nimeijua tangu darasa la tatu, nilipokuwa nikiichukua kwa siri Phoenix ya marehemu baba kila akilala baada ya adhuhuri. Ilikuwa ndefu kuliko mimi. Nilipitisha mguu chini ya lile bomba la juu, nikawa naendesha upande upande kama kaa. Kwa hiyo mtu akiniambia baskeli za kukodi ni mbovu, sishtuki. Baskeli mbovu ndizo zilizonifunza. Ila kuna ubovu wa kuchekea na kuna ubovu wa kuvunjia shingo, na pengine kinachoutenganisha huu na ule ni waya mmoja tu.

Safari ilikuwa ya siku mbili, mwezi wa Septemba, mimi na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye simu yake imejaa video za Wazungu wakishuka milima kwa baskeli, msitu kushoto, ziwa kulia, na muziki wa makelele juu yake. "Shangazi, na sisi tungekuwa na ziwa," aliniambia siku moja. Nikamwambia ziwa hatuna, tuna hori. Upande wa magharibi wa Pemba bahari imeingia nchi kavu kwa vidole vingi. Kila kidole kina mikoko yake, na juu ya kila kidole kuna kilima kilichojaa mikarafuu. Nikamwekea sharti: akipita pale akalikumbuka ziwa la watu, nauli ya boti nitalipa mimi. Nauli nililipa hata hivyo, maana hajaanza kazi.

Njia ni hii: unatoka Wete, unakwenda Konde kwa vijia vya mashambani, unaingia msitu wa Ngezi, unatokea Makangale, unapumzika Vumawimbi, unamalizia kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Unalala, unarudi. Mwenye baskeli ana banda lake Wete. Jina lake na la banda lake silitaji, kwani tumeshazungumza na ameahidi kurekebisha. Akirekebisha, nitakuwa nimemwaibisha bure.

Bandani tulifika saa kumi jioni, tumetoka Mkoani kwa gari ya abiria, magoti kidevuni. Baskeli zilikuwa nane, zimeegemezwa ukutani kama watoto wanaosubiri kupimwa uzito kliniki. Zote mtumba wa Ulaya, zile zinazoshuka kwenye kontena pamoja na mafriji na magodoro. Fremu zake, niseme kweli, nzuri: aluminiamu nyepesi, hazina ufa wala alama ya kuchomelewa. Shokapu za mbele zilikuwa zinabonyea na kurudi. Matairi ya mbele yana meno yake. Ya nyuma yana upara. Niliuliza kwa nini ya nyuma hayabadilishwi, nikajibiwa kwamba wateja huangalia mbele.

Jibu hilo nililikumbuka kesho yake.

Mimi sikuangalia mbele peke yake. Nilinyanyua kila gurudumu nikalizungusha nione kama rimu inayumba. Nilishika cheni nikaivuta kwa kidole. Nilibana mikono ya breki: mkono ukigusa usukani kabla baskeli haijashika, breki hiyo ni pambo. Yangu ilishika vizuri. Kiti kilikuwa chini mno, kama wanavyofanya wote wanaokodisha, wakidhani mtu akiweza kukanyaga chini kwa unyayo mzima ndiyo salama. Si salama, ni maumivu ya magoti. Kiti kinapimwa hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyoko chini kabisa, mguu unyooke. Ukiendesha kwa kanyagio la mbele la unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na vilima vya Pemba vitakuhurumia. Kilichosumbua ni kwamba komeo la bomba la kiti lilikuwa limeshikwa na kutu, tukaligonga kwa jiwe na mafuta ya nazi mpaka likaachia.

Bei: shilingi 20,000 baskeli moja kwa siku, na 40,000 kwa siku kumlipa kiongozi wa njia. Kofia ngumu zimo ndani ya bei, lakini zilizotosha kichwa zilikuwa mbili kati ya sita, na moja haina kamba ya kidevu. Gia zimeandikwa 21. Zangu zilizofanya kazi nilizihesabu tisa. Tisa zinatosha, mradi ile ndogo ya kupandia imo.

Sasa kiongozi. Huyu ndiye utakayemlipa ukidhani unalipia baskeli. Ni kijana wa Konde, thelathini na kitu, mwembamba, ana baskeli ya kwake yenye keria ya chuma nyuma, na vijia hivi alivijua kabla ya watalii: alikuwa akibeba magunia ya karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kwa baskeli kutoka mashambani. Anajua kijia kipi kinashika maji mvua ikinyesha, daraja lipi la magogo lina gogo linalozunguka, na nyumba ipi ina mbwa. Akanitazama viatu, akatazama suruali na ushungi niliobana kwa pini nne, akasema, "Shangazi, wewe umewahi kupanda." Tangu hapo nilikuwa shangazi yake pia.

Tulitoka alfajiri, kijua bado hakijatoka. Lami tuliiacha mapema.

Mtu anayeijua Unguja peke yake haelewi vilima hivi. Pemba haina mlima wa kujisifia, lakini upande huu haina pa kunyooka. Unapanda, unashuka, unapanda. Juu ya migongo kuna mikarafuu, miembe, mishelisheli na nyumba. Chini mabondeni kuna mpunga na migomba. Na katikati ni mteremko wa udongo mwekundu uliokatwa na mifereji ya mvua. Upande wa mashariki ni maweni, nchi bapa yenye mawe ya matumbawe, na baskeli huko ni habari nyingine. Hapa kila dakika kumi unabadilisha gia. Siri yake ni kubadilisha kabla ya kupanda, si katikati, kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu huku cheni inahama, cheni inaruka, nawe unaruka nayo. Mtoto wa kaka yangu alijifunza hilo kwenye kilima cha pili, mbele ya wasichana waliokuwa wakichota maji.

Harufu sikuitegemea. Ulikuwa msimu wa karafuu, na mbele ya kila nyumba kulikuwa na majamvi yametandikwa, karafuu zimeanikwa, nyingine bado kijani, nyingine zimeshaingia wekundu, na za siku ya tatu au ya nne zimekuwa kahawia ile ya dukani. Wanawake na watoto walikaa kwenye ukumbi wakichambua: karafuu huku, makonyo kule. Wengine hawajui kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Likichelewa kuchumwa likachanua, thamani imekwenda. Sisi wa Unguja huwa tunajiita watu wa karafuu, lakini kimbunga cha 1872 kiliangusha mashamba yetu, na tangu hapo karafuu ni ya Pemba, sisi tumebaki na jina.

Pale palipokuwa na majamvi hadi ukingoni mwa njia, kiongozi alishuka akakokota, nasi tukashuka. Hakusema kitu. Gurudumu moja likikanyaga jamvi, umekanyaga ada ya skuli ya mtu. Na salamu! Huyu kijana anasalimia kila binadamu, na kila salamu ina ya kwake: mzee hupewa shikamoo, mwenye shamba huulizwa vuno, mama mwenye mtoto mgongoni huulizwa homa ya juzi. Mara ya kwanza nilifikiri tutachelewa. Baadaye nilipopata shida ndipo nilipoona kazi ya salamu zile.

Shida yenyewe. Tulikuwa tumepanda mgongo mmoja mrefu, hori likaonekana chini kushoto kwetu, maji yamejaa, rangi ya kijani ya chupa, mikoko imesimama na miguu yake ndani, ngalawa moja imefungwa. Kijana wangu akatoa simu. Hakutaja ziwa. Kuanzia hapo kijia kinashuka kwa zamu mbili, ya kwanza imelala, ya pili kali, halafu kuna daraja la magogo juu ya mfereji wa mpunga. Kiongozi akatuambia: pedali ziwe sawa, makalio nyuma ya kiti, breki kwa vidole viwili, ya mbele kidogo kidogo na ya nyuma kwa subira. Maneno sahihi kabisa. Nilishuka zamu ya kwanza huku nacheka kama mtoto wa Phoenix.

Katika zamu ya pili nikabana breki ya mbele, nikasikia *tik*. Mkono ukaja wote hadi usukanini, mlegevu, kama kupeana mkono na maiti. Nikabana ya nyuma. Tairi lenye upara likajifunga na kuanza kuteleza juu ya udongo, na baskeli ikawa inakwenda kasi ileile, ubavu ubavu. Daraja naliona. Magogo mawili. Nikasema moyoni, magogo hapana, nikageuza usukani kulia kwenye kingo ya udongo iliyoota magugu, nikaanguka pale kwa goti na kiwiko. Bahati yangu ilikuwa magugu na si mawe. Mtoto wa kaka yangu anasema nilipiga kelele "Babaaa!" Mimi sikumbuki, ila naona inawezekana, maana Phoenix ilikuwa ya baba.

Tuliutoa waya tukautazama. Ulikuwa umekatika ndani ya mkono wa breki, pale kichwa cha waya kinapokaa kwenye tundu lake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ubane mkono mpaka mwisho na kuchungulia kwa tochi. Nyuzi nyingi zilikuwa na kutu, yaani zilikatika zamani, moja moja. Mbili tatu tu zilikuwa zinang'aa. Hizo ndizo zilizokuwa zikinishikia tangu alfajiri. Basi wewe unayesoma, ukikodi baskeli popote, usibane breki tu ukaridhika. Bana, chungulia kichwani mwa waya, pitisha ukucha. Ukihisi unyuzi unachoma, kataa baskeli hiyo.

Waya wa akiba kiongozi hakuwa nao. Pampu anayo, viraka na solusheni anavyo, spana anazo, waya hana, kwa sababu mwenye banda hampi. Hili ndilo shitaka langu kubwa, kubwa kuliko upara wa matairi. Waya wa breki ni kitu cha shilingi chache kinachokunjika kikaingia mfukoni.

Hapo ndipo salamu zilipolipa. Mzee mmoja tuliyemsalimia mgongoni alikuwa ameona vumbi, akashuka na fimbo yake kuja kutazama kama nimekufa. Alipoona nimekaa, akasema fundi yupo, nyumba ya tatu, chini ya mfenesi. Fundi huyo ni wa vespa zaidi kuliko baskeli. Hakuwa na waya wa baskeli. Alikuwa na waya wa vespa uliotumika. Akaupima kwa urefu wa mkono wake, akaukata kwa patasi juu ya kipande cha reli. Tatizo kichwa: kichwa cha waya wa vespa ni kinene, hakiingii kwenye tundu la mkono wa breki ya baskeli. Akakibana kwenye jiliwa, akachukua tupa, akawa anakikwangua na kukijaribu, anakwangua na kukijaribu, mdomo umemtokeza kidogo kama mtu anayetia uzi sindanoni. Ilichukua muda wa mtu kunywa vikombe viwili vya chai. Nami nilikunywa hivyo viwili, vyenye mchaichai, na mke wake akanisafishia goti kwa maji ya chumvi. Mwisho kichwa kikaingia, *tak*. Akatia grisi, akakaza, akapanda mwenyewe akazunguka mfenesi mara mbili, akafunga breki ghafla hadi gurudumu la nyuma likanyanyuka.

Nilimuuliza bei. Akasema 2,000. Nikampa 5,000, akanirudishia 3,000. Nikasema ya watoto. Akasema watoto wameshakula.

Waya ule wa vespa umenipeleka Kigomasha na kunirudisha.

Konde tulifika tumechelewa, tukala maandazi na maharage ya nazi, tukaendelea. Kabla ya Ngezi unapita shamba la mipira, miti mirefu iliyopandwa safu kwa safu, na kivuli chake ni cha aina yake, kama ukumbi mtupu wa skuli. Halafu geti la msitu. Unaandika jina, unalipa, unapewa risiti. Ndani ya msitu vijia vya kutembelea ni vya miguu; baskeli unaziacha getini kwanza, unazunguka na mtu wa msitu, ukirudi ndipo unapanda na kuendelea na barabara inayokatisha hadi Makangale. Wapo watakaonung'unika. Mimi nilishukuru kwa ajili ya goti.

Ngezi siwezi kuieleza kwa haki. Unapoingia, joto linabaki nje kama mtu aliyekatazwa mlangoni. Sehemu kubwa ya Pemba zamani ilikuwa na msitu wa namna hii. Mikarafuu na mashamba yakaukata, na kipande kikubwa kilichobaki ni hiki. Mivule minene ambayo sisi watatu tukishikana mikono hatuizunguki. Na chini yake mipapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake haipo kokote duniani ila Pemba: shina lake lina pete pete kama mwanzi, limenyooka, majani juu kama ya mnazi. Mtu wa msitu alituonyesha miche yake midogo chini, akatuomba tuangalie tunapokanyaga.

Popo tuliwaona mchana, wananing'inia juu kabisa, wekundu wa shaba, wamejifunika mbawa kama watu waliojitanda kanga. Huyu ni popo wa Pemba, uso kama wa mbweha, mbawa zikitandazwa zinapita mita moja na nusu. Zamani aliliwa, na miti yake ilikatwa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache tu. Vijiji vikaanza kumlinda, na leo wako maelfu. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hana adabu ya msituni, alipiga makofi kuwaamsha. Mtu wa msitu alimshika mkono bila kusema neno, akaushusha. Niliona aibu mimi.

Kima punju nao wamo, lakini hao ni wageni, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Kiongozi akanicheka, "Jamaa zako hao, shangazi."

Kutoka Ngezi hadi Makangale ndipo palipokuwa patamu kuliko kote kwenye baskeli yenyewe. Miti imekutana juu, barabara inateremka pole pole, kivuli na jua vinakupiga usoni kwa zamu, huhitaji kukanyaga wala kufunga breki. Ninge­ipita mara kumi. Halafu msitu unaisha, vinaanza vichaka vya mchangani, na mchanga wenyewe. Kiongozi akasimama, akabonyeza vali za matairi yetu yote, upepo ukatoka mpaka tairi likawa linabonyea kwa kidole gumba. Tairi gumu mchangani linakata kama kisu cha mkate. Tairi laini linatandaa juu. Na mchangani hukati kona, unaegemea tu. Upara wa nyuma hapa haukudhuru, hata naona ulisaidia. Sifa hiyo naitoa kwa shingo upande.

Vumawimbi ina jina lake mdomoni. Unaisikia kabla hujaiona. Ukitokea kwenye vichaka, mchanga ni mweupe wa unga, pwani imekunja kama mundu, na siku ile ilikuwa na wavuvi wanne, mashua moja, na sisi. Maji yalikuwa yametoka, mchanga wa chini umeshikana kama saruji mbichi, na kijana wangu akapanda akaenda zake hadi akawa kidoa. Kiongozi hakumkataza, ila aliporudi alimpa kata na ndoo ya maji ya kisima: osha cheni, osha gia, futa, tia mafuta, kabla hujanywa hata tone. Chumvi haingoji kesho.

Wakati anaosha, bibi mmoja aliyebeba kuni alisimama akatutazama. Akanisalimia vizuri, akaitazama baskeli, akanitazama goti.

"Mwanangu, mumeo anajua uko kuno?"

"Anajua, bibi. Ndiye aliyenibebea mkoba hadi bandarini."

Akafikiri. "Na yeye hana baskeli?"

"Hajui kupanda."

Alicheka hadi akatua mzigo wa kuni. Akaniambia yeye alipokuwa msichana kaka zake walikuwa na baskeli moja, na siku moja tu aliipanda, kutoka kisimani hadi mlangoni. Akaonyesha kwa mkono umbali huo ulikuwa kiasi gani. Haukufika hata nusu ya uwanja wa mpira. Nikamwambia aje akae juu ya keria, nimzungushe kidogo. Akasema niache masihara, kisha akatazama kushoto na kulia kuona nani anamwona, kisha akakataa tena, mara hii kwa sauti ndogo zaidi. Kuni nilimbebea mimi, kwa baskeli, hadi kwake.

Mnara wa Ras Kigomasha ni wa chuma, mweupe, tangu zama za Waingereza, na ngazi zake za kuzunguka ni nyembamba. Ukiomba kwa adabu unaweza kupandishwa. Juu unaona mkondo wa Pemba ulivyo bluu nzito, bluu ya kina. Ni mzuri. Lakini nimesikia watu wanakwenda Kigomasha kwa ajili ya mnara, na mimi ningekwenda kwa ajili ya ile barabara ya kivulini.

Tulilala Makangale kwa jamaa wa kiongozi. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa pweza, na godoro la sufi lililonikumbatia. Usiku nilimsikia bundi wa Pemba, sauti moja fupi, kimya, sauti moja fupi, kimya, kama mtu aliyesahau neno linalofuata.

Kurudi hakuna la kusimulia isipokuwa upepo wa kusi, ambao ulitungoja Konde na kutusukuma vifua hadi Wete, na pancha mbili, zote za tairi la nyuma la kijana, zote za miiba. Viraka vilikuwepo. Solusheni ilikuwepo. Haya nayaandika kwa sababu nimelalamika vya kutosha.

Kama unafikiria kwenda: masika usithubutu, udongo ule ukilowa unajaza tairi hadi gurudumu halizunguki. Vuli nayo ni ya bahati nasibu. Kipupwe ni kizuri, kaskazi ni kizuri lakini jua kali. Mvae suruali, dada zangu, na ushungi wenye pini. Baibui na cheni havipatani, nimeyaona kwa shoga yangu Bububu na lile vazi halikutoka zima. Maji chukueni lita tatu kila mtu, madafu ni ya ziada. Siku moja haitoshi, msidanganywe, mtaishia kuupita msitu kama basi. Na mkifika, ombeni kiongozi anayetoka Konde, kisha ndio muulize baskeli.

Kiongozi nampa tano kwa tano. Njia, tano na nyongeza. Baskeli, mbili, na moja kati ya hizo ni ya fremu.

Tulipozirudisha nilimwonyesha mwenye banda waya uliokatika, nilikuwa nimeufunga kwenye karatasi ya maandazi. Aliushika, akauzungusha kwenye mwanga, akawa kimya. Alitaka kunirudishia pesa za siku moja. Nikamwambia asinipe mimi, anunue waya nane na matairi ya nyuma, anipigie picha. Wiki iliyopita ilikuja picha moja: waya nane, mpya, zimetundikwa msumarini. Ya matairi bado.

Mimi nami nimenunua zangu mbili pale Darajani, ziko mkobani pamoja na tochi ndogo. Boti ni Ijumaa baada ya kesho kutwa. Kijana ameuliza kama na yule bibi wa Vumawimbi tutampelekea kitu, na nimeshanunua kile kiti laini cha kufunga juu ya keria.